Kuaminika na Kuaminiwa: Uhakiki wa Istilahi za Ulinzi wa Kompyuta

Miongoni mwa kazi ziletwazo mbele ya mkuza istilahi, hakuna yenye hila kama ile inayoonekana kuwa imekwisha. Neno la kigeni likikosa kabisa mwenzake katika Kiswahili, kila mtu huliona pengo, na wataalamu hukaa wakalijadili. Lakini likionekana kuwa na mwenzake wa siku nyingi, aliyezoeleka sokoni na ofisini, mfasiri hulipokea bila ya kulihoji, na kosa huingia nyumbani likiwa limevaa nguo za mwenyeji. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno mawili ya namna hiyo, usalama na uaminifu, pamoja na jamaa zake, kama yanavyotumika katika fani ya kompyuta.

Sababu ya kuandika ni rasimu ya ratiba iliyoletwa mezani petu ili lugha yake isanifiwe. Kikundi cha waandishi wa programu za kompyuta kinaandaa mkutano wa siku moja, na wanachama wake wameazimia kuuendesha kwa Kiswahili tangu dua ya ufunguzi hadi neno la shukrani. Azma hiyo twaipongeza, hasa tukikumbuka ni mikutano mingapi ya fani hii hufunguliwa kwa Kiswahili, ikajadiliwa kwa Kiingereza, kisha ikafungwa tena kwa Kiswahili. Ratiba yao ina mada nne: “Usalama wa Kompyuta”, “Uaminifu katika Programu”, “Mifumo Inayoaminika”, na jioni “Sherehe ya Kusaini Funguo”. Istilahi hizi hazikubuniwa na kikundi hicho. Zimo katika vitini vya mafunzo, katika nyaraka za zabuni na katika programu zilizokwisha kufasiriwa. Kwa hiyo yatakayosemwa hapa yamhusu kila afasiriye, afundishaye au aandikaye mkataba wa kununua mitambo kwa fedha za umma.

Usalama na ulinzi

Tuanze na neno usalama, ambalo halitatuchukua muda mrefu. Kiswahili kimelitwisha mizigo mingi. Twasema usalama barabarani tukikusudia kuepuka ajali, ambako hakuna adui anayetuvizia. Twasema Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tukikusudia amani baina ya mataifa. Na tukisema “watu wa usalama”, kila mmoja anajua twamkusudia nani, na sauti hushuka kidogo. Bango lenye maneno “Mkutano wa Usalama” likibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa halmashauri, watakaofika wa kwanza huenda wasiwe waandishi wa programu.

Uzito wa jambo, hata hivyo, si mzaha huo. Kompyuta inayoongoza lifti yapasa isimuumize mtu, na kompyuta inayotunza orodha ya mishahara yapasa isichezewe na mwizi. Ya kwanza hupambana na bahati mbaya, na bahati mbaya haina akili. Ya pili hupambana na mtu abadilishaye mbinu kila azuiwapo. Hizi ni kazi mbili, zina wataalamu wawili, na neno usalama limezifunika zote kwa shuka moja. Utumishi wa umma umezoea kuyaandika maneno mawili pamoja, ulinzi na usalama, kama katika Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, na watunga sheria wa Tanzania walichagua vema walipoiita sheria ya mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulinzi ni kazi: una mlinzi, una kinacholindwa, una anayezuiwa. Twapendekeza basi kwamba fani iitwe ulinzi wa kompyuta, na neno usalama libaki kuwa jina la hali inayotafutwa na fani hiyo.

Nani anaamini, nani anaaminiwa

Sasa tuje kwenye kiini. Mada ya pili ya ratiba ni “Uaminifu katika Programu”. Uaminifu katika Kiswahili ni sifa ya yule anayeaminiwa. Tukisema kwamba mtunza ghala ana uaminifu, twamsifu mtunza ghala, hatumsifu aliyempa ufunguo. Lakini jambo linalokusudiwa kujadiliwa ni tendo la upande wa pili: mtu anakabidhi siri yake, mali yake au kazi yake kwa programu ambayo hakuiandika, na pengine hajapata kuiona. Mtu huyo haonyeshi uaminifu wowote, anaamini tu. Kiingereza chatumia neno moja kwa kuamini na kwa uhusiano unaotokana na kuamini, na mfasiri alipolitafuta katika kamusi alikutana na uaminifu, akatosheka. Matokeo yake ni kwamba kichwa cha mada kinawaalika wasikilizaji waje kuzisifu programu, ilhali kilichokusudiwa ni kuwaalika wajihoji wao wenyewe.

Wengine wamependekeza imani. Ni neno tukufu, lakini lina kazi zake. Katika dini lina maana ya kusadiki yasiyoonekana, na katika maisha ya kila siku lina maana ya huruma. Asemwaye kuwa hana imani ni mtu katili. Mhandisi akitangaza kwamba ana imani na kompyuta yake, msikilizaji hatajua kama anaisadiki au anaionea huruma. Kuna na amana, neno ambalo twaona limesahauliwa bila haki. Amana ni kitu chenyewe kilichowekwa kwa mtu akitunze, na benki zetu zaendelea kulitumia hivyo zinaposema amana za wateja. Taarifa za mgonjwa zilizomo katika kompyuta ya hospitali ni amana. Nenosiri la mtu ni amana. Tukilirejesha neno hili katika fani, tutapata jina la kinachokabidhiwa, na tendo la kukabidhi litabaki na jina lake la asili, yaani kuamini. Hatuoni sababu ya kuogopa kitenzi-jina. Kusoma, kuandika na kuhesabu vimekuwa majina ya masomo tangu shule za kwanza, wala hakuna aliyedai vipewe nomino za kupendeza zaidi.

Tatizo kubwa zaidi limo katika mada ya tatu, “Mifumo Inayoaminika”, na hapa twaomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa jambo lenyewe limo katika kiambishi kimoja.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Maji ya kisima fulani yaweza kuwa yananywewa na kijiji kizima, lakini hayanyweki. Barabara ya masika yaweza kuwa inapitwa na malori kila siku, na bado dereva akakuambia kwamba haipitiki. Uyoga wenye sumu umepata kuliwa mara nyingi, na waliozikwa kwa ajili yake ni ushahidi kwamba haukuwa unalika. Kauli ya kutendwa hutoa habari ya lililotukia. Kauli ya kutendeka hutoa hukumu juu ya kitu chenyewe, kwamba kina sifa ya kutendwa hivyo. Mtoto wa miaka mitano anaijua tofauti hii bila ya kufundishwa. Vivyo hivyo, kinachoaminiwa ni kile ambacho watu wamekikabidhi amana zao. Kinachoaminika ni kile kinachostahili kukabidhiwa. Chaweza kuwa hivyo viwili kwa pamoja. Chaweza pia kuaminiwa na taifa zima na kisiaminike hata kidogo.

Wataalamu wa fani hii wanaijua tofauti hiyo na wamehangaika nayo katika lugha yao. Ross Anderson, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu uhandisi wa ulinzi: kitu kinachoaminiwa ni kile ambacho kikianguka chaweza kuuvunja ulinzi wako, na kitu kinachoaminika ni kile ambacho hakitaanguka. Katika Kiingereza maneno hayo mawili hufanana mno, na mwandishi hana budi kusimama kila mara na kumkumbusha msomaji. Kiswahili hakimlazimishi mtu kusimama, ila mfasiri akiamua kuitupa tofauti ambayo lugha yake imempa bure.

Na ametupa. Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa vigezo vya kupimia mifumo ya kompyuta inayotunza siri za serikali, vikatolewa upya mwaka 1985, na kwa sababu ya rangi ya jalada wataalamu wakakizoea kitabu hicho kwa jina la Kitabu cha Chungwa. Kiliipanga mifumo katika madaraja kuanzia D, lililo la chini, hadi A1. Mna ndani yake dhana moja muhimu: jumla ya vipande vyote vya mfumo, vya mitambo na vya programu, ambavyo ulinzi wa mfumo mzima unavitegemea. Katika vitini tulivyovisoma dhana hiyo huitwa “msingi unaoaminika wa kompyuta”. Sasa kanuni ya fani yasema kwamba jumla hiyo iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, ili iweze kukaguliwa yote. Na tuifasiri kanuni hiyo kwa istilahi hiyo hiyo: “Punguzeni vipande vinavyoaminika katika mfumo wenu.” Mwalimu gani atasimama mbele ya darasa aseme hivyo? Nani asiyetaka vipande vinavyoaminika viwe vingi? Lakini tukisema, “Punguzeni vipande vinavyoaminiwa,” kanuni yaeleweka papo hapo, kama mwenye duka anavyoelewa kwamba wenye ufunguo wa sanduku la fedha wawe wachache, hata kama watumishi wake wote ni waadilifu. Istilahi inayoigeuza kanuni ya fani kuwa upuuzi haiwezi kutetewa kwa hoja kwamba imezoeleka.

Hoja hiyo ya mazoea tumeisikia, na nyingine ambayo ina uzito zaidi: kwamba “mfumo unaoaminiwa” lasikika kama usemi usiokwisha, na kwamba msikilizaji atauliza, unaaminiwa na nani? Sisi twaona kuwa hiyo ndiyo faida yake. Kauli ya kutendwa huacha kiti wazi kwa mtenda, na kiti kilicho wazi humwita mtu akikalie. Mlango umefunguliwa na nani? Kauli ya kutendeka haina kiti hicho. Mlango umefunguka, basi. Ni kweli kwamba katika mazungumzo husikika “anaaminika na wengi”, lakini hata hapo msemaji amekusudia kumsifu anayetajwa, si kuwahesabu waliomwamini. Ofisa wa manunuzi anayesoma katika waraka wa zabuni kwamba mtambo unaoletwa “unaaminika” amepewa hukumu iliyokwisha kukatwa, na aliyeikata hayumo katika sentensi. Akisoma kwamba “unaaminiwa”, atauliza: na nani, kwa jambo lipi, na kwa ushahidi gani? Maswali hayo matatu yaweza kuiokoa fedha ya umma kuliko vifungu vingi vya mkataba.

Kifasiri kisichokuwa mwaminifu

Kikundi kimechagua kuwa somo la asubuhi hotuba fupi ya Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983 pamoja na Dennis Ritchie. Hotuba hiyo ilichapishwa Agosti 1984 kwa jina la Reflections on Trusting Trust. Rasimu imelifasiri jina hilo “Tafakuri juu ya Kuuamini Uaminifu”. Kwa yaliyokwisha kusemwa, msomaji ataona jinsi lilivyogeuka kuwa mahubiri juu ya tabia njema. Anachokihoji Thompson ni tendo letu sisi. Tumeamini, na tumefika mahali pa kuliamini hata lile tendo letu la kuamini. Twapendekeza “Tafakuri juu ya Kuamini Kuamini Kwetu”. Si tamu mdomoni, lakini hata jina la asili lilikusudiwa limkwaze msomaji kidogo.

Hotuba yenyewe yawahusu wafasiri kuliko wanavyodhani. Mwandishi wa programu huandika matini inayosomeka na binadamu. Mashine haiisomi, yenyewe husoma tarakimu. Kati yao huwekwa programu nyingine, ambayo hapa tutaiita kifasiri, inayoigeuza matini ya mtu kuwa lugha ya mashine. Twashangaa kwamba vitini vimeunda “msimbo chanzo” kwa maandishi hayo ya kwanza, wakati nadharia ya tafsiri imekwisha kutupa matini chanzi na matini lengwa, yakafundishwa vyuoni na kutahiniwa. Msimbo ni kitu kilichofichwa maana yake hadi kisimbuliwe, na kila mwenye kisimbuzi cha televisheni sebuleni analijua hilo. Matini chanzi ndiyo sehemu ya programu isiyofichwa. Kuiita msimbo ni kuipa jina la kinyume chake.

Thompson alieleza jinsi kifasiri kinavyoweza kuharibiwa. Kwanza hufundishwa kwamba kikikutana na matini ya ile programu inayowapokea watu mlangoni mwa mfumo, inayouliza jina na nenosiri, kiongeze katika matini lengwa nenosiri moja la ziada alijualo mhalifu peke yake. Hila hiyo ingegunduliwa na yeyote ambaye angeisoma matini chanzi ya kifasiri. Kwa hiyo kuna hatua ya pili. Kifasiri nacho ni programu. Kina matini chanzi yake, nayo hufasiriwa na kifasiri kilichokitangulia. Basi hufundishwa kwamba kikikutana na matini yake chenyewe, kiziongeze hila zote mbili. Baada ya hapo mhalifu hufuta kila alama ya hila katika matini chanzi. Matini ya programu ya mlangoni sasa ni safi. Matini ya kifasiri ni safi. Mkaguzi azisome usiku na mchana, hatakuta doa. Lakini kila fasiri itakayotoka, hata ile ya kifasiri kipya, itazaliwa na ugonjwa. Thompson alieleza kwamba wazo hilo alilipata katika waraka wa Jeshi la Anga la Marekani, nao ni uhakiki wa mfumo wa Multics ulioandikwa mwaka 1974 na Paul Karger na Roger Schell.

Historia yetu inazijua karatasi za namna hiyo. Machifu wa Usagara waliotia alama katika mikataba ya Karl Peters mwaka 1884 hawakuweza kuisoma lugha iliyoandikwa mbele yao. Walichokuwa nacho ni maneno ya mkalimani.

Mlango wa siri uliotajwa rasimu inauita “mlango wa nyuma”. Twaona “mlango wa uani” wafaa zaidi. Mlango wa nyuma katika Kiswahili cha leo umekwisha kuwa na maana ya upendeleo, kama kupata kazi kwa mlango wa nyuma. Mlango wa uani ni wa watu wa ndani, waijuao nyumba na wanaojulikana nayo, na hao ndio hasa walio na nafasi ya kuutengeneza. Kwa programu ijifanyayo nyingine, “farasi wa Troya” wataka hadithi isimuliwe kwanza. Walimu wa michezo shuleni wanalo neno tayari. Mchezaji aliyeingizwa katika timu kwa jina lisilo lake huitwa mamluki, na programu mamluki itaeleweka bila ya hadithi.

Mtu mmoja alijaribu kulijibu fumbo la Thompson. David Wheeler, katika makala ya mwaka 2005 na kisha katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2009, alionyesha njia: matini chanzi ya kifasiri kinachoshukiwa ifasiriwe na kifasiri cha pili kilichotoka kwingine kabisa, matokeo yake yatumiwe kuifasiri tena matini ile ile, kisha kitakacholetwa kilinganishwe, tarakimu kwa tarakimu, na kifasiri kinachoshukiwa. Vikitofautiana, kuna la kuelezwa. Mfasiri mzoefu atatabasamu, kwa kuwa anapotia shaka kazi ya mwenzake naye humwendea mfasiri mwingine asiyefahamiana na wa kwanza. Na tuzingatie kwamba kifasiri cha pili hakitakiwi kiwe kamilifu. Kinatakiwa tu kisiwe kimekula njama na cha kwanza. Hapa tena kuaminiwa na kuaminika vimeachana: cha pili kinaaminiwa kwa jambo moja dogo lililotajwa, na hakuna aliyedai kwamba kinaaminika kwa mengine.

Saini, shahidi na mdhamini

Mtu aweza kudhani kwamba haya ni michezo ya wanazuoni. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa uani katika xz, programu ya kubana mafaili ambayo imo katika mifumo mingi ya Linux duniani. Kilichomshtua ni kwamba kuingia katika kompyuta ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na hila iliyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kwamba kipande cha kuizindua hakikuwemo katika hazina ya matini chanzi iliyo wazi kwa wote, bali katika furushi lililotayarishwa kwa ajili ya kusambazwa. Aliyeitia ni mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameanza kuchangia kazi hiyo tangu mwaka 2021, akafanya kazi nzuri, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa mkuza istilahi, jambo lenye mafunzo ni saini. Mafurushi yale yalikuwa na saini ya kidijiti, na saini ilikuwa halali. Haikughushiwa. Ilithibitisha kwamba furushi limetoka kwa mwenye ufunguo, nalo kweli lilitoka kwake. Waliosoma “imethibitishwa” wakaelewa “inaaminika” walivuka mto ambao saini haikuwajengea daraja.

Kwa hiyo mada ya jioni, “Sherehe ya Kusaini Funguo”, yastahili uangalifu kuliko zote. Tuliache neno sherehe, ambalo litawafanya wageni wategemee pilau. Desturi yenyewe ilienea pamoja na programu ya PGP, iliyotolewa na Philip Zimmermann mwaka 1991. Waandishi wa programu hukutana ana kwa ana, kila mmoja akiwa na kitambulisho chake na karatasi yenye muhtasari wa ufunguo wake, husomeana muhtasari huo, hukaguana vitambulisho, kisha kila mmoja huutia saini ufunguo wa mwenzake. Mradi wa Debian, ulioanza mwaka 1993, hadi leo humtaka anayeomba uanachama awe na ufunguo uliotiwa saini na wanachama waliokwisha kuingia. Tumesema muhtasari wa ufunguo kwa makusudi. Rasimu yasema “alama za vidole za ufunguo”, na katika nchi ambayo laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, mshiriki atanyoosha dole gumba.

Rasimu inamwita atiaye saini “mdhamini”. Hilo twalipinga kabisa. Mdhamini ni mtu wa kubeba mzigo. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ataulizwa. Mkopo usipolipwa, mdhamini atalipa. Aliyeutia saini ufunguo wa mwenzake hakubeba lolote la namna hiyo. Amesema neno moja tu: mtu huyu nimemwona, na ufunguo huu ni wake. Huyo kwa Kiswahili ni shahidi. Mashahidi wa ndoa hushuhudia kwamba bwana harusi ni huyu na kwamba amekubali. Hawamhakikishii bibi harusi kwamba hatapigwa. Barua ya utambulisho inayotolewa na serikali ya mtaa nayo yasema kwamba mtu huyu ni mkazi wetu, na kila karani aipokeaye anajua kwamba haikusema ni mlipaji mzuri wa madeni. Tukimwita mwenye saini mdhamini, tutakuwa tumempa Jia Tan wadhamini ambao hakuwa nao, na tutakuwa tumewapa wadhamini hao deni ambalo hawakulikubali. Kikao hicho basi kiitwe kikao cha kushuhudiana funguo.

Mengine ya rasimu twayapitia kwa haraka. Kirusi na virusi yameshika, tuyaache. Nenosiri twalipendelea kuliko nywila, kwa kuwa lajieleza lenyewe. Mdukuzi ni neno zuri kwa mwizi wa siri, maana tangu zamani ni mtu ategaye sikio kusikiliza yasiyomhusu. Lisitumike kwa fundi hodari apendaye kuchimba undani wa mashine, ijapokuwa Kiingereza humpa jina hilo hilo. Kuhusu kuyageuza maneno yasisomeke ila na mwenye ufunguo, twapendekeza kufumba na kufumbua, na fani yake ufumbaji, ili kusimba na kusimbua vibaki kwa kazi ya kubadili maumbo ya ishara pasipo kuficha. Jamii iliyotunga mafumbo katika mashairi kwa karne nyingi haina sababu ya kukosa neno hapa.

Mada za ratiba, baada ya uhakiki huu, zasomeka hivi: “Ulinzi wa Kompyuta”, “Kuamini Programu Tusizoziandika”, “Mifumo Inayoaminiwa: Na Nani, kwa Lipi, kwa Ushahidi Gani?”; na “Kikao cha Kushuhudiana Funguo”. Kwa kikao hicho cha mwisho tumewaandalia wenye mkutano maneno ya kuchapwa katika karatasi ya kila mshiriki: “Mimi, mwenye jina na saini hapa chini, nashuhudia kwamba ufunguo wenye muhtasari ulioandikwa hapa umesomwa mbele yangu na mtu ambaye kitambulisho chake nimekikagua kwa macho yangu. Juu ya programu atakazoziandika sikushuhudia neno.” Nafasi ya muhtasari iwe na visanduku 40, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya herufi na tarakimu za funguo zilizo nyingi za aina hii, na viachane kwa makundi ya vinne, ili msomaji asipotee katikati.